Nusu ya Chupa ya Nkambo

Kabla ya yote mnivumilie kwa mwandiko huu. Niliacha shule mwisho wa mwaka wa sita, na tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya vitu vya soko. Herufi zangu zinalala upande kama majani yaliyopigwa na mvua, na najua kuna maneno niliyoyakata mahali pasipofaa. Kurasa hizi chache zimenichukua siku nyingi. Lakini ninyi wa rika langu, mliokua Likasi wakati ule vitu vilipokuwa vinatuishia mikononi, nadhani mtanisoma hata nikikosea, maana mengi mnayajua tayari.

Kilichonishikisha kalamu ni asali. Nilikuwa soko la Kikula, na mwanaume mmoja alikuwa ametoka porini na baiskeli iliyopakiwa chupa za bia zilizojaa asali, kila chupa imezibwa kwa gunzi la muhindi. Mnajua asali yetu ya porini hurinwa kwa moto. Nyuki wanafukuzwa kwa moshi, na moshi mwingine unabaki humo ndani. Akanizibulia chupa moja ninuse. Harufu ilipanda yenye joto, yenye utamu, na chini ya utamu kulikuwa na moshi. Nilisimama pale nimeshika gunzi, na machozi yakaanza kunitoka.

"Ee dada!" akasema yule mwanaume. "Asali haiumake. Nyuki njo inaumaka!"

Watu wakacheka. Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni. Mtu akinitazama sana, ulimi unanikauka. Nikamrudishia gunzi lake na kuondoka bila kununua. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nimenusa chupa ya Nkambo.

Nkambo, kwetu, ni bibi au babu. Huyu ninayemsema alikuwa mama yake baba, na alikaa nasi katika lupango letu pale Kikula, kiwanja chenye nyumba ya vyumba vitatu, na nyuma ya ua kichuguu kikubwa kilichopita paa kwa urefu. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la chuma. Humo aliweka kikwembe kimoja, kitenge cha kujifunga, ambacho hakuwahi kukivaa, rozari, viatu vyeupe, na chupa ya manukato. Chupa ilikuwa na ukubwa wa ngumi, mabega yake ya mraba, kizibo chake cha kioo. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai kali na yalifika nusu tu.

Hakujipaka manukato yale hata siku moja. Siku za sikukuu kubwa, kabla ya misa, aliyatoa, akakizungusha kizibo taratibu, na sisi watoto tukapanga mstari ili kila mmoja anuse kizibo mara moja. Nilipofikiwa nilifumba macho. Kwanza ilikuja sukari, ile ambayo mama aliiunguza kidogo kwenye sufuria ili kuipa keki rangi. Halafu ikaja kama tumbaku kavu. Mwisho kabisa ukaja moshi, lakini si moshi wa makaa unaokohoza. Ulikuwa ule unaobaki kwenye nguo za mtu uliyekaa naye karibu na moto. Sijui harufu inapataje joto, lakini ile ilikuwa nalo. Ilikaa puani kama mkono wa mtu mzima unavyokaa mgongoni mwa mtoto.

Babu ndiye aliyeinunua katika duka la Mgriki, alipopewa kazi ya kuendesha winchi kiwandani. Mimi sikumkuta. Alipokufa, wanawake waliuosha mwili, wakamvika suti, na Nkambo mwenyewe akammwagia nusu ya chupa kichwani, kifuani na mikononi, kama ilivyo desturi. Nusu nyingine akaiweka.

"Nkambo wenu alikwenda na nusu," alituambia kila mara akirudisha chupa sandukuni. "Hii ingine ni yangu minye. Siku yangu munimwangie yote, musibakishe. Kule bantu beko bengi, na macho yake ilikuwaka mubaya. Atanijua na harufu."

Wakubwa walicheka aliposema habari ya macho. Mimi sikucheka. Nilimwona babu katika umati mkubwa kama wa kituo cha treni, amekunja uso, akinusa watu mmoja baada ya mwingine.

Katika nyumba ile alikuwepo pia Tantine Feza, mdogo wake mama, mzaliwa wa mwisho. Alikuwa amekuja kumsaidia mama na hakuwa ameolewa bado. Mrefu, mwenye pengo kati ya meno ya mbele, na kicheko kilichosikika hadi kwa majirani wa tatu. Ndiye aliyenisuka. Kwa kuwa sikuzoea kusema, aliniita Kasuku. Nikiwa nimekaa kati ya magoti yake kimya kabisa, alinigonga kichwa kwa kitana na kusema, "Kasuku, punguza kelele! Unanipasua masikio!" Hakuna mtu mwingine aliyeifanyia haya yangu mzaha nami nikafurahi.

Mnakumbuka jinsi mambo yalivyoanza kukatika. Ving'ora vya kiwandani vilivyotuambia saa za kuamka na za kula vilinyamaza, na mama akawa anapika bukari, ugali wetu, saa yoyote. Baba alienda kazini na kurudi mapema, halafu akawa haendi. Magunia ya unga yaliyokuja kila mwezi hayakuja tena. Majirani wengine walifunga vitu vyao, wakaenda kungoja treni, na nyumba zao zikabaki na milango ikipigapiga. Kwetu vitu vilianza kutoka kimoja kimoja. Tantine Feza ndiye aliyetumwa kuviuza, kwa sababu alijua kuongea na watu. Alitandika kitambaa chini pale Kikula na kupanga juu yake redio yetu, sahani za harusi ya mama, mashuka, saa ya ukutani. Siku moja nilipita nikaona kikombe changu kwenye kitambaa kile. Tantine aliniona, akakifunika kwa kiganja mpaka nilipopita.

Nkambo hakulalamika. "Uzisheni yote," alisema, "hata kitanda, nitalala chini. Sanduku yangu tu, hapana."

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wengi, alikufa, na sisi watoto tulikwenda kwenye kilio pamoja na wakubwa. Nilijibanza ukutani karibu na mlango, nikaona kila kitu. Walimwosha, wakamvika, wakamlaza katika jeneza. Halafu kila kitu kikasimama. Hakukuwa na manukato ndani ya nyumba. Mzee mmoja akasema tufunge, jua linaenda, na wanawake wakamgeukia kama nyuki.

"Kufunga namna gani? Atakwenda vile, sawa mutu mwenye hana bantu? Hatufunge!"

Wakamtuma kijana kwa baiskeli. Watu wote walingoja, na padri alingoja, na jeneza lilingoja wazi. Kijana aliporudi na chupa ndogo, walimmwagia, wakalia kwa nguvu, ndipo mfuniko ukawekwa. Nikaelewa, kama nilivyodhani, jambo ambalo wakubwa hawakuwahi kuniambia: mtu hawezi kwenda bila manukato. Wanakaa wanangoja. Yasipopatikana, haendi.

Baada ya kilio kile Nkambo alianza kukohoa. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kitandani, ameinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, anaipima kwa macho. Akamwambia mama, bila huzuni, kama mtu anayesema habari ya mvua, "Iko karibu, mama. Musisahau."

Siku iliyofuata wakubwa wengine walipokwenda shambani na Nkambo akasinzia uani, nilitoa chupa sandukuni. Niliifunga katika mfuko wa plastiki, nikaenda nyuma kwenye kichuguu, nikachimba shimo kwa kijiko upande unaotazama ua, nikaiingiza hadi mkono ukafika kiwikoni, nikaziba kwa udongo. Nilirudi nimetulia sana. Nilikuwa nimemwokoa Nkambo. Kila siku nilikwenda kuingiza mkono kuhakikisha ipo, na kucha zangu zikawa nyekundu kwa udongo ule.

Ilikuja sikukuu, na Nkambo akavuta sanduku. Tulipanga mstari. Aliondoa kikwembe, akaondoa viatu, akaondoa rozari. Akarudia tena, kitu kimoja kimoja. Halafu akabaki amekaa chini, mikono imelala mapajani.

"Haiko," alisema.

Hakuna aliyetaja jina. Hawakuhitaji. Ni nani aliyekuwa akitoka na vitu kila siku kwenda sokoni? Baba alimtazama mama, na mama akatazama chini, kwa sababu Feza alikuwa wa upande wake.

"Feza," Nkambo akasema, "kama ni njaa, ungeniambia."

"Nkambo, minye? Minye nishike kitu mu sanduku yako?" Tantine alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Redio njo niliuzisha, munajua. Masahani, munajua. Kila kitu nilipewa na mukono yenu. Haiko minye, Nkambo. Kwa jina ya Mungu, haiko minye."

"Sasa ilikwenda na miguu yake?" akauliza baba.

Nkambo akatugeukia watoto. Macho yake yalifika kwangu. "Weye, mwanangu, hukuona kitu?"

Kila mtu alinitazama. Ulimi wangu ulikauka. Nilifikiri: nikisema, wataichimbua, wakiichimbua, Nkambo ataenda. Nikatikisa kichwa. Ningependa kuwaambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya kumpenda Nkambo tu. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nyuso zilikuwa nyingi na mimi niliogopa.

Jioni ile Tantine alinikalisha kati ya magoti yake akamalizia nywele zangu. Alishika mkono wangu ausogeze, akaona kucha. Alizitazama muda, akageuza kiganja, akakigeuza tena. Kisha akauweka mkono wangu pajani mwangu polepole, kama mtu anayerudisha kitu mahali alipokikuta, na akaendelea kusuka. Hakuniuliza. Mpaka leo sijui alielewa nini.

Asubuhi alifunga kifurushi chake. Alisema anakwenda Koni kwa kaka yake aliyevua samaki katika mto Lufira. Mama alilia ndani, hakutoka. Nilimsindikiza hadi mwisho wa ua, na pale akainama akanivuta shavu.

"Basi, Kasuku. Bakia na kelele yako."

Akaenda kwa miguu, kifurushi kichwani, na hakugeuka.

Sikwenda tena kwenye kichuguu baada ya hapo. Nilidhani nikikaa mbali nacho, jambo lenyewe litakaa mbali. Kiangazi kilipoingia, baba alipatana na wanaume wawili wakikate kichuguu na kutengeneza matofali. Mnajua udongo wa kichuguu ndio mzuri kwa kazi hiyo, na Kikula nyumba zilikuwa zinajengwa hata wakati ule wa taabu. Walianza upande wa mbali. Nilisikia majembe, nikasikia miguu ikikanyaga tope, nikaona matofali yamepangwa juani mistari kwa mistari, na nikajiambia upande wangu bado.

Nkambo hakuwa anaamka tena. Kikohozi kilikuwa kimeshuka ndani. Siku moja, jua likiwa juu, alimwita mama na baba, nami nilikuwa miguuni pa kitanda nikimpepea kwa kipande cha katoni.

"Feza arudie," alisema. Alipumzika, akaendelea. "Mumutafute. Mumuambie ile maneno ya chupa imekwisha. Nilimusamehe. Njaa njo ilimufanya."

Mama akaficha uso wake kwenye kikwembe.

Hapo kitu kilinikatika. Niliona Nkambo anakwenda, chupa ikiwa imefichwa vizuri kabisa, na anakwenda. Manukato hayakuwa yamemzuia. Niliangusha katoni, nikakimbia nyuma ya nyumba.

Upande wangu wa kichuguu haukuwepo. Palikuwa na ukuta mpya mwekundu uliokatwa wima, na chini yake shimo la tope. Wale wanaume wawili walikuwa pembeni. Mmoja amekaa, ameshika unyayo unaotoka damu.

"Chupa!" alikuwa anamwambia mwenzake. "Nani anazikaka chupa mu kichuguu?"

"Nyamaza, unuse," mwenzake akajibu, anacheka. "Kuko mwenye alimwanga parfum mu matope. Leo matofali yetu itakwenda ku misa!"

Ilikuwa kweli. Harufu ilikuwa imejaa pale. Ilipanda kutoka kwenye tope lenye joto la jua, sukari ile iliyoungua, tumbaku ile, moshi ule, zaidi ya nilivyowahi kuinusa kwenye kizibo. Nilipiga magoti nikachota donge pale harufu ilipokuwa kali zaidi, nikalifumba katika ngumi. Yule mwenye kidonda aliniuliza natafuta nini. Nikarudi mbio.

Chumba kilikuwa kimejaa. Majirani walikuwa wameingia, wanawake wa parokia walikuwa wameanza rozari. Nkambo alikuwa bado anapumua, macho nusu wazi. Kutoka mlangoni hadi kitandani palikuwa na hatua tano, na watu. Kazi yangu ilikuwa moja: kupita, kufungua mkono, kumpaka udongo ule kwenye kiganja. Watu wangeuliza. Ningelazimika kusema. Nilisimama na ngumi yangu imefungwa, nikasubiri wapungue. Hawakupungua. Nikiwa bado nasubiri, shangazi mmoja akapiga ukelele, ndipo nikajua.

Walimwosha kwa sabuni ya kufulia, maana ndiyo iliyokuwepo. Walimvika kile kikwembe kipya na viatu vyeupe. Mama alimpaka poda ya mtoto iliyobaki chini ya kopo. Nilingoja wanawake wageuke na kusema, hatufunge. Nilingoja kijana wa baiskeli. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, "Parfum?" na mama akatikisa kichwa. Wakatazamana kwa aibu, kisha wakafunga.

Kumbe huwa wanafunga. Jeneza lilitoka mlangoni, na mimi nilikuwa bado nimelishika donge, limekauka, limekuwa gumu kama jiwe ndani ya ngumi yangu. Makaburini ningeweza kulitupa shimoni pamoja na udongo ambao kila mtu alitupa. Hakuna ambaye angegundua, udongo ni udongo. Nililifikiria hilo njiani tukirudi.

Baba aliwasha tanuru, matofali yakaungua siku kadhaa, na watu wakayabeba kwa mikokoteni. Yamo katika kuta za Kikula, sijui zipi. Donge langu lilikaa nami muda mrefu ndani ya kopo, kila mwaka likinuka kidogo zaidi udongo na kidogo zaidi chochote kingine, hadi likawa udongo mtupu.

Tantine Feza hakurudi. Mama alituma ujumbe Koni mara mbili. Wakajibu kwamba alikwenda mbele, wengine wakasema ameolewa, wengine wakasema amevuka mpaka. Mama alimaliza maisha yake akiamini mdogo wake aliuza chupa ya mkwe wake kwa ajili ya njaa yetu. Nilikuwa mkubwa tayari, nilikuwa na miaka ya kutosha kumwambia, na nilimwona akifa bila kumwambia. Kwa hiyo nimeogopa mara tatu, si mbili. Nimeandika haya kwa sababu karatasi hainitazami.

Nawaomba basi. Kama kuna mmoja wenu, huko Koni au mbali kuliko Koni, anayemfahamu mama aitwaye Feza, mrefu, mwenye pengo kati ya meno ya mbele, aliyewahi kukaa Kikula kwa dada yake, niandikieni nyuma ya karatasi hizi, mnirudishie kwa mkono wa aliyezileta. Andikeni hata mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Na mkimkuta, msimwambie kwamba Nkambo alimsamehe. Wengine watamwambia hivyo na si kweli, hapakuwa na kitu cha kumsamehe. Mwambieni chupa haikuuzwa. Ilikuwa kwenye kichuguu, niliiweka mimi. Akiuliza ni nani anayesema, mwambieni ni Kasuku.